Maganda ya Tikiti katika Jiko la Motibai

Vijana mlioshika miiko niliyoiacha,

Juma lililopita nilipita nyuma ya jiko la shule, lile jiko nililolitumikia mpaka nilipostaafu, nikaona ndoo mbili zimejaa maganda ya tikiti zikisubiri kumwagwa. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mzee mwenye magoti mabovu. Siandiki barua hii ili kuwagombeza. Ndani ya ndoo zile palikuwa na mboga ya kutosha bweni zima, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kuiona. Mwenye kosa hilo ni mimi, kwa kuwa niliondoka bila kuwaachia elimu hiyo, nami nimeazimia kulirekebisha wakati mkono wangu bado unaweza kushika kalamu.

Chukueni ganda moja mlitazame. Nyama nyekundu imekwisha kuliwa, na ngozi ya kijani iliyo nje haina wa kuipigania isipokuwa mbuzi. Lakini katikati pana nyama nyeupe, ngumu kidogo, isiyo na ladha ya kujivunia, nene kama kidole. Hiyo ndiyo mboga. Aliyenifundisha kuipika ni mwanamke wa Kihindi, hapa hapa Arusha, zama za Wadachi, yaani Wajerumani. Nilijifunza kwa kukosea, na kosa langu la mwisho nusura liniondolee mtu aliyenilea.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Misheni ilikuwa imenipeleka chuo cha walimu, nami nilikuwa nimejiwekea nadhiri ya kuwaelimisha watu wa kwetu mpaka asibaki hata mmoja asiyejua kusoma. Vita vikaanza, chuo kikafungwa, nasi wanafunzi tukaambiwa tukasubiri makwetu. Kwetu kulikuwa juu ya Kikatiti, kwenye mteremko wa Meru, kwa shangazi yangu aliyenichukua wazazi wangu walipofariki. Nilikaa pale miezi kadhaa nikiwa na kanzu nyeupe, kibao cha kuandikia na nadhiri yangu, lakini sikuwa na mwanafunzi hata mmoja. Mwishowe nikateremka mjini kutafuta kazi.

Motibai alikuwa na duka katika mtaa wa Wahindi, chini ya boma, makao ya serikali ya Wadachi. Mume wake alikuwa amesafiri kwenda Bombay kununua bidhaa, vita vikamfungia huko, na mke akabaki na rafu zilizokuwa zikipungua siku hadi siku. Alitaka mtu wa kumsomea matangazo ya boma, kumchotea maji mto Themi na kumpasulia kuni. Aliposikia kwamba nimesoma chuo, akaanza kuniita Mwalimu, hasa ninapobeba kuni.

Nyumba ile haikula nyama, wala samaki, wala yai. Kwa mtu aliyezaliwa kati ya Wameru na Waarusha, ambako karamu isiyo na nyama ni kikao tu, jambo hilo lilinipa taabu. Siku ya kwanza nilimhurumia mama yule. Siku ya pili nilimletea hasara. Alikuwa amekata tikiti, akapanga maganda yake kwenye sinia uani, kisha akaingia ndani kuwasha moto. Mimi nikafanya ambalo Mmeru yeyote angelifanya kwa moyo safi. Kwetu mbuzi hufugwa ndani na hulishwa kwa mkono, na ganda, liwe la ndizi au la kitu kingine, ni haki yake. Nikambebea sinia mbuzi wa maziwa wa Motibai, nikafurahi kuona anavyotafuna.

Motibai alitoka na kisu mkononi. Nyuma yake nilisikia mbegu zikipasuka katika mafuta ya moto. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "huyu amekula chakula chako cha mchana. Nenda kamwombe majani yake."

Mchana ule nilikula mkate mkavu wa mtama na chumvi. Tikiti lililofuata lilipokatwa, niliomba kufundishwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Ganda likatwe na kupikwa siku ile ile. Lipigeni ukucha: likitoa sauti kavu ni zima, ukucha ukizama limechelewa, mpeni mbuzi. Menyeni ngozi ya kijani. Acheni wekundu kidogo, unene wa jani, upande wa ndani, kwa sababu utamu wake utasaidia mbele ya safari. Kateni vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole gumba. Pasheni mafuta ya ufuta, tieni haradali na kufunika, kwa sababu zile mbegu huruka. Msiangalie, sikilizeni. Mlio ukianza kupungua, tieni jira, ile bizari nyembamba, kisha mvuje kiasi cha kichwa cha kiberiti. Mvuje ni utomvu unaonuka vibaya ukiwa mbichi, hata nilidhani kuna kitu kimekufa dukani, lakini ukigusa mafuta hubadilika na kunukia kama kitunguu kilichopikwa na mtu mwenye subira. Hapo ipueni sufuria kabla ya kutia manjano na pilipili, kwa kuwa vitu hivyo viwili huungua haraka kuliko mtu anavyoweza kujitetea. Kisha tieni maganda na chumvi, rudisheni motoni, funikeni, wala msitie maji. Ganda lina maji yake. Litatoa jasho, litajipika katika jasho hilo, nalo lililokuwa jeupe kama karatasi litaanza kung'aa kama kioo cha taa. Mwisho kabisa tieni giligilani iliyotwangwa, ukwaju na kipande cha sukari guru.

Nasema mwisho kabisa, na nina sababu. Miaka mingi baadaye, katika jiko hili la shule, nilipopewa jiko jipya la mafuta ya taa nililoliogopa kama nyoka, niliharakisha nikatia ukwaju mwanzoni. Ganda likishaguswa na ukali wa ukwaju hukataa kulainika. Nililipika asubuhi nzima. Wanafunzi wakala kimya, kisha mmoja wao akaja kuniuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee, mboga ya leo tunaitafuna au tunaimeza kama kidonge?" Nilistahili.

Lakini nirudi kwa Motibai, kwa sababu kupika kwake kulikuwa na sheria moja ambayo ni kubwa kuliko viungo vyote. Anayepika haonji. Chakula kilichofikiwa na mdomo wa mtu, au kijiko kilichotoka mdomoni, kwake kilikuwa kimekwisha kuwa mabaki, na mabaki ya mtu mmoja hayapewi mwingine. Sheria hiyo sikuijua. Siku aliyoniachia mwiko kwa mara ya kwanza ili akamhudumie mteja, nilichota mchuzi, nikaonja, nikarudisha mwiko sufuriani. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. Aliita wapagazi waliokuwa wakipita njiani, akawapa mboga yote, akasugua sufuria kwa majivu, akaiweka motoni tupu mpaka ikawa nyekundu. Siku hiyo hakula kitu.

Niliona lazima nijieleze. Nikamwambia kwamba sikufanya kwa ulafi. Kwetu Meru, mtu akimpa mwingine chakula au pombe, huonja kwanza yeye mwenyewe mbele ya mgeni, ili ionekane hana nia mbaya. Asiyeonja ndiye wa kuogopwa. Motibai alifikiri huku akikausha mikono.

"Kwenu mnaonja ili mgeni asiogope," akasema. "Kwetu hatuonji ili mgeni asile mabaki yetu. Wote tunamheshimu mgeni. Lakini hapa kwangu, Mwalimu, utanusa."

Basi nikajifunza kupika kwa pua na masikio. Manjano mbichi ina harufu ya udongo. Harufu hiyo ikitoka, imeiva. Chumvi hupimwa katika kiganja kabla ya kutiwa, si mdomoni baada ya kutiwa. Mchuzi mwepesi huchemka kwa kelele, mchuzi ulioshika huchemka kwa sauti nene, kama mzee anayenung'unika. Mmekuwa mkinicheka kwa kuinamisha sikio juu ya sufuria. Sasa mnajua nilikuwa nikisikiliza nini.

Vita vikaendelea. Mahindi na mifugo vikachukuliwa kwa ajili ya askari, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Asubuhi moja jirani zetu wawili kutoka juu ya Kikatiti walifika dukani wakiwa wamemshika mikono shangazi yangu. Homa ilikuwa imempiga majuma mengi. Wanawe wawili walikuwa wamekwenda na mizigo ya jeshi, na mbuzi wake wote watano walikuwa wamefungwa kamba na kuongozwa kambini. Mwanamke aliyenibeba mgongoni akipanda mlima, siku ile nilimwinua kwa mkono mmoja.

Motibai hakuuliza maswali. Alinionyesha stoo, ambayo ilikuwa tupu kwa sababu ya vita, akatoa magunia ya kutandika. Homa ilikuwa imeondoka, lakini ilikuwa imekwenda na hamu ya kula. Uji aliuona kama majivu. Ndizi alizigeuzia uso. Siku ya tatu, kwa kukata tamaa, nilimpelekea kijiko cha mboga ya maganda kutoka sahani yangu kabla sijaigusa. Ukwaju ulipofika ulimini alifumba macho. Kisha akafungua mdomo tena. Alikula kijiko kile na kuniuliza kama kipo kingine.

Aliniuliza pia ni mboga gani. Nikajibu, "Mboga ya Kihindi." Hapo ndipo uongo ulipoanzia, vijana wangu, katika jibu ambalo lilikuwa la kweli. Nilijua kwamba kwa shangazi ganda ni chakula cha mbuzi, na kwamba mwanamke aliyelima shamba lake tangu ujana angeliona ni kukiri kuwa ameisha. Nikasema moyoni, ale kwanza, tutaeleza baadaye.

Ila tikiti lile lilikuwa la mwisho. Matikiti yalilimwa tambarare za chini, na msimu ule yote yalipelekwa bomani, kwenye meza ya maofisa. Mpishi wa meza hiyo alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa Pangani, mwenye kofia safi na ulimi mkali. Nilikwenda kwake, nikampa shikamoo, nikaomba maganda.

"Marahaba," akasema. "Mwalimu, una mbuzi wangapi hata uombe kikapu kizima?"

Nikamwambia ninaye mmoja. Alicheka mpaka akashika kofia, lakini alinipa, na akanipa siku zilizofuata. Maofisa walikula tikiti kwa vipande virefu, wakishika ganda kwa mikono na kung'ata. Kila ganda nililopewa lilikuwa na alama za meno. Nililijua hilo. Nilikuwa nikiyatengeneza nje ya uzio, nikikata ukingo wote ulioumwa, nikajiambia kwamba kisu kimesafisha. Motibai nilimwambia nimeyapata sokoni. Shangazi sikumwambia kitu. Yeye alikuwa akila mara mbili kwa siku, ameanza kukaa mwenyewe ukutani kwenye jua, ameanza kunisema kwamba kanzu yangu ina doa. Nilikuwa na furaha kubwa, na ndani ya furaha hiyo nilikuwa nikiwalisha wanawake wawili kitu ambacho kila mmoja angelikitapika kwa sababu yake.

Siku ya tano mvua ilinyesha, nikayatengenezea uani, chini ya paa. Motibai alitoka kumkamua mbuzi, akaokota ganda moja miguuni pangu. Aliligeuza. Akalisogeza kwenye mwanga.

"Mwalimu," akasema polepole, "huyu aliyekula hana jino moja la mbele."

Aliweka ganda chini kama mtu anayeweka kitu kinachoungua.

"Ulipoonja kwa mwiko hukujua. Leo ulijua."

Aliingia ndani, nikasikia sufuria zikitolewa moja baada ya nyingine. Shangazi alikuwa ameketi ukutani, sahani mapajani. Hakujua Kiswahili kingi, lakini alijua ganda akiliona, na alijua kuhesabu meno. Aliniuliza kwa Kimeru yametoka wapi. Sasa nikasema kweli, kwa kuwa uongo ulikuwa umekwisha. Nikamwambia yametoka bomani.

Aliweka sahani chini.

"Nimekunyima nini, mwanangu," akasema, "hata unilishe makombo ya watu walioniondolea mbuzi?"

Kuanzia saa ile hakupokea chakula mkononi mwangu. Siku mbili alikunywa maji tu, nayo aliyapokea kwa Motibai. Nilimwona akirudi tena kule alikotoka, jicho likizama, shingo ikilegea. Mimi niliyesoma chuo nilikuwa na hotuba nzuri kuhusu nia njema, nayo haikuwa na msikilizaji. Nilielewa jambo ambalo darasani nililiandika bila kulielewa, kwamba huwezi kumlisha mtu heshima yake huku ukiiiba upande wa pili. Chakula kile kilikuwa kizuri. Mimi ndiye niliyekitia uchafu, na hata bila meno ya ofisa kingekuwa kichafu vile vile.

Nikaazimia kurudi bomani. Sikwenda kuomba maganda. Nilikwenda kuomba tikiti likatwe kwa namna nyingine. Nikamwambia Mzee Feruzi kila kitu, bila kuruka neno, hata habari ya mbuzi wangu mmoja. Nikamwomba, badala ya kupeleka mezani vipande vyenye maganda, atoe nyama nyekundu jikoni kwa kisu, aikate vipande vidogo, aiweke katika bakuli. Maganda yabaki jikoni, hayajaguswa na mdomo wa mtu.

Hakucheka. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Meza ya Wazungu ina desturi yake," akasema. "Nikiivunja, hawakuiti wewe. Kiboko kitanitafuta mimi."

"Nitakuja kukata mwenyewe, mzee. Wakiuliza, taja jina langu kwanza."

"Kwa ajili ya maganda?"

"Kwa ajili ya shangazi yangu."

Alivaa kofia yake tena. Kisha akanisukumia kisu, akaniambia ninawe mikono kama mpishi, siyo kama mwalimu.

Nilikata. Nyekundu ikaingia katika bakuli la kioo, maganda nikayafunga katika kitambaa safi. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko wakati bakuli lilipopelekwa. Nilisubiri. Bakuli likarudi tupu, na nyuma yake Mzee Feruzi, uso wake umebadilika.

"Bwana mkubwa ameuliza kwa nini hatukufanya hivi tangu zamani," akasema. "Leo ndevu zake zimebaki kavu. Mwalimu, kumbe unajua kitu."

Hivyo ndivyo meza ya boma ilivyobadili desturi, na sijui kama yeyote kati ya wale waliokula alijua sababu.

Nilirudi nikamkuta Motibai akikausha nafaka uani. Nilifungua kitambaa mbele yake, nikamweleza nilikokwenda, nilichoomba na nilichoficha kabla ya hapo. Alikagua ganda moja moja, akiligeuza pande zote. Lilipobaki la mwisho alisimama, akaniletea kisu cha kumenyea na kopo la mvuje. Kopo lenyewe lilikuwa tupu. Lakini Motibai alikuwa na ujuzi wa watu wenye uhaba: tangu mwanzo wa vita alikuwa amegandisha kipande cha mwisho cha ule utomvu ndani ya kifuniko badala ya kuuchota, na harufu yake ilikuwa imejaa kifuniko kizima. Unakishika juu ya mafuta ya moto, mvuke unakigusa, na harufu inashuka.

"Pika wewe," akasema. "Uongo ulikuwa wako, mboga nayo iwe yako."

Nilimenya, nikakata, nikasikiliza haradali. Nilinusa manjano. Nilipima chumvi katika kiganja. Sikuonja. Nilipomaliza nilipakua sahani, nikapiga magoti mbele ya shangazi uani.

Nikamwambia, "Shangazi, haya ni maganda ya tikiti. Kwetu huliwa na mbuzi. Wadachi wamekula nyekundu, hii nimeikata kwa mkono wangu kabla mdomo wowote haujaifikia. Nilikudanganya, na sitakudanganya tena."

Aliitazama sahani. Aliyaona maganda safari hii, kwa sababu nilikuwa nimeyataja. Nikafikiri atasema onja, kama desturi yetu ilivyo, nikaanza kunyoosha mkono.

"Wewe usionje," akasema. "Ulinilisha yale ukitabasamu. Ukionja, itanionyesha nini?"

Mkono wangu ulibaki hewani. Motibai alikuwa mlangoni. Aliniuliza mama amesema nini, nikamtafsiria, neno kwa neno, ingawa kila neno lilinichoma. Aligeuka, akaingia ndani na kusukuma mlango, nami nikajua kwamba nimewapoteza wote wawili.

Kisha mlango ukafunguliwa. Alitoka na sahani yake ya shaba, ameijaza mboga kutoka sufuria ile ile. Muda wote nilioishi katika nyumba ile sikuwahi kumwona akila. Alikuwa akila peke yake, ndani, mlango umefungwa, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Siku ile aliketi juu ya kizingiti, mgongo umenyooka, jua likimpiga usoni, akimwelekea shangazi. Kati yao palikuwa na hatua tano na mbuzi mmoja. Akachukua kipande kwa vidole, akakitia mdomoni, akatafuna bila haraka, akameza, akamtazama shangazi.

Alikuwa ameonja kwanza, mbele ya mgeni, kama mwenye nyumba wa Kimeru, na hakuna sahani ya mtu aliyoigusa.

Shangazi alitazama mpaka Motibai alipochukua kipande cha pili. Ndipo akavuta sahani yake karibu. Alikula chote. Hawakusemezana, maana lugha hawakuwa nayo. Nilisikia tu watu wawili wakitafuna, na mbuzi akiwa wa tatu, kwa sababu ngozi za kijani nilikuwa nimemwekea.

Alipomaliza, shangazi aliinama, akamnyang'anya mbuzi kipande kimoja cha ngozi. Akakipima kati ya vidole viwili. Kumbukeni kwamba mwanamke huyu alikuwa amemenya ndizi mbichi kila siku ya maisha yake.

"Nani amemenya hili?" akauliza.

Nikasema ni mimi.

"Umeacha nusu ya mboga kwenye ganda. Kesho kisu nipe mimi."

Nikamtafsiria Motibai. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya jino nikamwona akicheka, akiwa amefunika mdomo kwa ncha ya nguo. Kesho yake alimpa shangazi kisu kwa mikono miwili, na kuanzia siku hiyo mimi nilibaki na kukata tu, kwa sababu kumenya hakukuwa tena kazi ya mtu mwenye kiwango changu. Vita vilipokwisha misheni iliniita nirudi darasani. Nilifikiri juma zima, nikachagua sufuria ya jiko hili la shule. Sikuona kwamba nimevunja nadhiri.

Basi, vijana, msianze kesho. Anzeni leo na ndoo za leo, mkitenga maganda yaliyokatwa na yaliyong'atwa. Mwagizeni anayekata tikiti atoe nyekundu jikoni, kabla halijafika mezani. Mkiulizwa na wanafunzi ni mboga gani, semeni ni maganda, wazi wazi, kisha kaeni nao mle. Na kabla hamjamtupia mbuzi ile ngozi, inueni kipande kimoja kwenye jua mkiwa mmekishika kwa nyuma. Msipoona kivuli cha kidole chenu kupitia kwake, rudieni kumenya.